Aplikesheni yako imekwama Google Play? Dalili, sababu na tiba kwa wauzaji wa programu wa Mtwara na Lindi

Aplikesheni zinazotengenezwa huku Kusini zinafanana shughuli: daftari la wakala wa pesa, hesabu za magunia ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), bei za mnada wa korosho na ufuta, duka la pembejeo, masomo ya kidato cha nne. Zinakataliwa pia kwa sababu zinazofanana. Mara chache kosa liko kwenye msimbo. Mara nyingi duka limelinganisha vitu vitatu, yaani ulichosema kuhusu wewe mwenyewe, ulichosema kuhusu bidhaa yako na kilichomo ndani ya faili, likakuta vinapishana.

Tumepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo inayowakumba wengi, kwa hiyo anza nayo. Na kabla hujagusa kitu, fungua barua pepe ya kukataliwa uisome hadi chini. Inataja jina la sera, mara nyingi inataja namba ya toleo lenye kosa, na pengine imeambatishwa picha ya skrini inayoonyesha palipoharibika. Wengi husoma mstari wa kwanza, wanakasirika, wanatuma faili lilelile. Hilo linakupotezea siku tu: ukaguzi huweza kuchukua hadi siku 7, na wakati mwingine zaidi.

Dalili: akaunti haipiti uhakiki wa utambulisho

Ada ya kujisajili ni dola 25, unalipa mara moja tu. Nyaraka zikionekana si halali, hela hiyo hairudi, kwa hiyo usijaze kwa kubahatisha.

Sababu ya kwanza ni majina. Kadi ya NIDA ina majina matatu, akaunti ya Google ina mawili, wasifu wa malipo una jina la duka. Weka kadi pembeni ya skrini, linganisha herufi kwa herufi. "Saidi" na "Said" ni watu wawili kwa mashine, kadhalika "Mohamedi" na "Mohamed". Andika kama kadi inavyosema, hata kama wewe mwenyewe hujiandiki hivyo. Kama kadi ndiyo iliyokosewa, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukarekebishe kwanza, halafu urudi.

Ya pili ni anwani. Sanduku la posta peke yake halionyeshi unapoishi. Tumia anwani ya makazi: namba ya nyumba, jina la barabara, kata, halafu postikodi ya tarakimu 5, ambayo kwa Mtwara huanza na 63 na kwa Lindi 65. Ukiombwa uthibitisho wa anwani, taarifa ya benki yenye jina lako hufaa. Risiti ya LUKU yenye jina la mwenye nyumba haikusaidii.

Ya tatu ni picha yenyewe: mwanga wa taa umeangukia kadi, kona imekatwa, au umepiga picha ya fotokopi. Piga kadi halisi, mchana, bila flashi, kona zote nne zionekane.

Kwa akaunti ya kampuni, kuna namba ya D-U-N-S, utambulisho wa kimataifa wa kampuni, yenye tarakimu 9. Hutolewa bure, ila inaweza kuchukua hadi siku 30, hivyo iombe mapema. Jina litakalosomeka kule liwe lilelile lililo kwenye cheti cha usajili cha BRELA, pamoja na "Limited" au "Ltd" kama ilivyoandikwa.

Malipo yenyewe yakigoma, angalia kadi. Masharti hayakubali kadi za kulipia kabla. Tumia kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na iwe yako.

Jambo moja ambalo watu hulishtukia baadaye: akaunti ya mtu binafsi inayouza huonyesha anwani yake kamili kwa kila anayefungua ukurasa wa aplikesheni. Kama hutaki nyumba yako ya Shangani ijulikane hivyo, fikiria akaunti ya kampuni yenye anwani ya ofisi kabla hujaweka bei.

*Simama hapa:* ukitangaziwa akaunti "iliyokwisha hakikiwa" kwenye kundi la WhatsApp, acha. Kuuziana akaunti kumekatazwa, na hujui aliyekuuzia aliachwa na makosa gani.

Dalili: siku 14 zimeisha lakini hupewi ruhusa ya kwenda hadharani

Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiendi hadharani moja kwa moja. Watu wasiopungua 12 wajiunge na jaribio la watu maalumu ("closed testing"), na wabaki humo siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20. Walipunguzwa Desemba 2024, ndiyo maana video za zamani bado zinasema 20. Akaunti za kampuni haziguswi na sharti hili.

Kinachowaangusha wengi ni kuhesabu majina yaliyoandikwa badala ya watu waliojiunga. Kuingiza barua pepe 12 kwenye orodha ni kualika tu. Kila mmoja lazima afungue linki, akubali kuwa mjaribuji, kisha asakinishe kutoka Play Store. Angalia idadi ya waliojiunga kwenye dashibodi yako ya Play Console, usiangalie orodha yako.

Hapa kuna kifundo kidogo ambacho hula siku nyingi. Simu nyingi mtaani zimefunguliwa Gmail na yule aliyeiuza au fundi. Mwenye simu anakutajia anwani anayoikumbuka, kumbe Play Store inatumia nyingine kabisa, na linki inamwambia ukurasa haupatikani. Mwambie afungue Play Store, abonyeze duara la wasifu juu kulia, akusomee anwani anayoiona pale. Hiyo ndiyo uiandike.

Sababu inayofuata ni kushuka chini ya 12 katikati. Mtu amebadili simu au amejitoa kwenye jaribio siku ya 9, na ule mfululizo umekatika. Alika 18 au 20, usiende na 12 kamili.

Ikiwa hesabu iko sawa na bado umekataliwa, tatizo liko kwenye majibu ya fomu ya mwisho, ile ya kuomba kwenda hadharani. "Watumiaji walifurahi" si jibu. Andika walichoripoti na ulichobadilisha: kwamba kitufe cha kuhifadhi kilijificha chini ya kibodi kwenye simu zenye skrini ndogo, ukakihamisha kwenye toleo la 4. Ili uwe na cha kuandika, toa angalau masasisho mawili ndani ya hizo siku 14, na uwaombe watu waitumie kweli. Wanafunzi wa chuo wanaosakinisha kwa fadhila na hawafungui tena hawakusaidii sana.

Dalili: faili linakataliwa wakati wa kulipakia

Hili ndilo rahisi kuliko yote, maana ujumbe unasema wazi. Tutapita haraka.

Namba ya toleo imeshatumika: kila faili unalopakia linahitaji `versionCode` kubwa kuliko lililotangulia, hata kama la kwanza ulilifuta. Kwenye Flutter, kama ndiyo zana unayojengea, ni ile namba baada ya alama ya kujumlisha katika `version: 1.0.0+1`. Watu hubadilisha 1.0.0 kuwa 1.0.1 wakaacha `+1` ilivyo.

Faili limesainiwa kwa ufunguo wa majaribio: mradi mpya wa Flutter husaini toleo la kutoa kwa ufunguo wa majaribio mpaka ubadilishe `signingConfig` katika `build.gradle`.

Jina la kifurushi linaanza na `com.example`: badilisha sasa. Likishapakiwa duka halibadiliki tena maisha yote ya aplikesheni, kwa hiyo usiweke jina la mteja anayeweza kukuacha mwakani.

Umepakia APK badala ya AAB: hizi ni aina mbili za faili la aplikesheni, na aplikesheni mpya zinatakiwa AAB tangu Agosti 2021.

Kiwango cha Android kimepitwa: tangu tarehe 31 Agosti 2025 aplikesheni mpya na masasisho lazima zilenge Android 15, yaani `targetSdk` 35. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, zenye maktaba za C au C++ zinazolenga Android 15 na kuendelea lazima pia zikubali kurasa za kumbukumbu za KB 16. Ukiona onyo hilo nawe hujaandika mstari hata mmoja wa C, limetoka kwenye maktaba uliyochomeka. Sasisha maktaba, jenga upya.

Ufunguo umepotea, au si ule wa mwanzo: laptopu imeibwa, au mtengenezaji wa kwanza ameondoka na faili la ufunguo, lile la `.jks`. Kama ulijiunga na utaratibu wa Google kutunza ufunguo wa kusaini ("Play App Signing"), hujapotea. Mwenye akaunti anaweza kuomba ufunguo wa kupakia ubadilishwe. Tengeneza mpya:

`keytool -genkeypair -v -keystore upload.jks -keyalg RSA -keysize 2048 -validity 10000 -alias upload`

Kisha toa cheti cha kutuma:

`keytool -export -rfc -keystore upload.jks -alias upload -file upload_certificate.pem`

Tuma lile faili la `.pem` pekee. Faili la `.jks` na neno lake la siri hayaendi kwa mtu yeyote, hata akijiita fundi wa Google.

Dalili: "mkaguzi hakuweza kuingia"

Aplikesheni yako inatuma namba ya siri kwa SMS kwenye namba ya 255. Mkaguzi hana laini ya Tanzania, kwa hiyo anaishia skrini ya kwanza.

Tiba: fungua sehemu inayoitwa "App access" kwenye dashibodi, weka namba ya majaribio na namba ya siri isiyobadilika. Ukitumia Firebase, huduma ya Google kwa watengenezaji, kuthibitisha simu, inakuruhusu kusajili hadi namba 10 za kubuni zenye msimbo wa kudumu, bila SMS kutumwa. Andika maelekezo kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, pamoja na kitufe cha kubonyeza. Kama kuna ngazi tofauti za watumiaji, mathalani karani wa AMCOS na mkulima, toa akaunti ya kila ngazi. Jaza data za mfano ndani, maana orodha tupu huonekana kama aplikesheni iliyovunjika.

Ikiwa maelekezo yapo na bado anashindwa, kagua seva. Wapo wanaozuia maombi yote ya nje ya nchi kwa usalama, wakasahau kwamba mkaguzi yuko nje. Na kama seva yenyewe ni kompyuta iliyo chini ya meza dukani Mikindani, umeme ukikatika usiku ndipo huwa wanakagua. Hamisha kwenye huduma ya kukodi.

Usimpe mkaguzi akaunti ya msimamizi yenye data za wateja halisi.

Dalili: umekataliwa kwa ruhusa za SMS

Hapa ndipo daftari nyingi za wakala hufia. Wazo ni zuri: aplikesheni inasoma meseji za M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, inajaza miamala yenyewe, wakala anafunga hesabu jioni bila kuandika. Lakini `READ_SMS` na `RECEIVE_SMS` ni ruhusa zilizofungwa. Anayezipata kirahisi ni aplikesheni ambayo ndiyo chaguo-msingi ya meseji kwenye simu. Wengine wanatakiwa kujaza tamko na kuonyesha kwamba kazi kuu haiwezi kufanyika bila hizo.

Kagua kwanza kama unaihitaji kweli. Mara nyingi haitoki kwako: maktaba fulani imeiingiza. Kwenye Android Studio fungua `AndroidManifest.xml`, bonyeza kichupo cha "Merged Manifest" chini, tafuta `SMS`. Ukiikuta nawe huitaki, iondoe kwa `tools:node="remove"`.

Umeiondoa na bado unakataliwa? Angalia njia zote za kutolea. Toleo la zamani lenye ruhusa linaweza kuwa bado hai kwenye jaribio la ndani ulilolisahau tangu Machi. Ukaguzi unatazama matoleo yote yaliyo hai, si lile ulilotuma leo. Pakia toleo safi kwenye kila njia ili la zamani litoke.

Kama unaitaka kweli, kipo kipengele kinachoruhusu aplikesheni za kusimamia fedha kwa kutumia SMS. Omba kwa tamko, weka video fupi inayoonyesha kazi hiyo tangu mtumiaji anapokubali ruhusa, na maelezo ya dukani yaitaje kazi hiyo kwenye aya ya kwanza. Kipengele hiki hakikuokoi kama aplikesheni yako ni duka la nguo lenye sehemu ndogo ya miamala.

Njia tunayoipendekeza kwa wengi ni kuacha ruhusa kabisa. Mtumiaji abonyeze meseji kwa muda, achague kushiriki, achague aplikesheni yako. Unapokea maandishi kupitia `ACTION_SEND` ya aina `text/plain`, unayachambua, basi. Hakuna tamko, hakuna video. Ni hatua mbili zaidi kwa wakala, ndiyo, lakini yupo hewani. Na usifunge uchambuzi kwenye jina la mtumaji: Tigo Pesa ilipogeuka Mixx by Yas mwishoni mwa 2024, kila msimbo uliotegemea jina la zamani ulikuwa hatarini. Chambua muundo wa meseji, kiasi, kumbukumbu ya muamala na salio.

Kama haja yako ni kusoma namba ya siri ya kuingia tu, tumia SMS Retriever au SMS User Consent. Zote mbili hazihitaji ruhusa ya kusoma meseji.

Dalili: umekataliwa kwa sababu ya malipo

Skrini inasema: "Lipia 5,000 kwa Lipa Namba hii, tuma jina lako WhatsApp, tutakufungulia masomo yote." Hilo ni kosa, hata kama wateja wanalipenda. Kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya aplikesheni, kama masomo, kuondoa matangazo au ripoti za ziada, hulipiwa kwa mfumo wa malipo wa Google Play, isipokuwa kwa nchi zilizopewa utaratibu wake. Kitu cha kushikika ni kinyume chake. Korosho iliyobanguliwa, dawa ya salfa, nauli ya bodaboda: hivyo havitakiwi kupita kwenye mfumo wa Google, tumia malipo ya simu bila wasiwasi.

Ukiwa na vyote viwili ndani ya aplikesheni moja, vitenganishe kwenye skrini tofauti. Mkaguzi akikuta Lipa Namba karibu na kitufe cha "fungua masomo", hataanza kukuuliza ni ya nini.

Kwa hesabu ya bei: Google hukata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza kwa mwaka. Katika 5,000 zinaondoka 750, unabaki na 4,250 kabla ya kodi.

Dalili: "madai ya kupotosha" au "kujifanya mtu mwingine"

Aplikesheni za bei ya korosho hupigwa sana hapa. Jina ni "Bodi ya Korosho Bei", ikoni ni nembo ya Bodi, au ngao ya taifa imewekwa juu ya ukurasa wa kwanza. Mtengenezaji alitaka kuonyesha kwamba bei ni za kweli. Mkaguzi anaona mtu binafsi anayejifanya taasisi.

Kwanza toa nembo zote zisizo zako: za Bodi ya Korosho, za TMX (soko la bidhaa linaloendesha minada), za vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao. Jina libadilike liwe la kwako.

Kisha weka kanusho sehemu mbili, ndani ya aplikesheni na kwenye maelezo ya dukani. Mfano: "Aplikesheni hii si ya serikali na haiwakilishi taasisi yoyote ya serikali. Bei zimechukuliwa kutoka kwenye matangazo ya mnada yaliyopo katika tovuti hii," halafu linki ya chanzo chenyewe, inayofunguka. Linki ya ukurasa wa Facebook wa mtu aliyepiga picha ubao wa mnada si chanzo.

Andika pia tarehe ya mnada na chama kando ya kila bei. Hiyo haikutakiwa na Google; ni kwa ajili ya mkulima wa Tandahimba asiyetakiwa kusoma bei ya wiki tatu zilizopita kama ya leo.

Kama chama kimekupa kazi kweli, omba barua yenye kichwa, sahihi na muhuri, inayotaja jina la aplikesheni, jina la kifurushi na jina la akaunti yako. Ipeleke Google kwa fomu ya taarifa ya awali kabla ya kutuma faili. Kwa taasisi ya umma, bora akaunti iwe ya taasisi yenyewe, wewe uongezwe kama mtumiaji.

Jina, maelezo na picha

Jina lisizidi herufi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4,000. Ikoni 512 × 512, bango 1024 × 500, picha za skrini zisizopungua mbili. "Bora", "namba 1", "bure" na vikatuni vya emoji havitakiwi kwenye jina. Picha za skrini ziwe za toleo unalotuma.

Dalili: sera ya faragha au fomu ya usalama wa data imekataliwa

Linki kwanza. Ifungue kwenye simu ya mtu mwingine ambaye hajaingia akaunti yako. Isiwe PDF, isiwe hati ambayo mgeni anaweza kuihariri, isiwe kwenye hosti ya bure iliyokwisha muda. Itaje jina la aplikesheni au lako kama linavyoonekana dukani, na njia ya kukupata.

Baada ya hapo ni kupishana. Umejibu kwamba hukusanyi chochote, lakini ndani kuna AdMob ya matangazo na Firebase ya takwimu. Maktaba za matangazo na takwimu zinakusanya vitambulisho vya kifaa, na hizo ni data unazotakiwa kuzitaja kwenye fomu. Kosa mapacha ni la kitambulisho cha matangazo: umesema hutumii, faili lina `com.google.android.gms.permission.AD_ID`. Ama ubadilishe jibu, ama uiondoe ruhusa kwenye manifest. Chagua moja.

Kama mtu anaweza kufungua akaunti ndani ya aplikesheni, lazima aweze pia kuomba ifutwe, ndani yake na kupitia ukurasa wa wavuti. Na fomu ya huduma za kifedha hujazwa na kila mtu, hata mwenye aplikesheni ya kaswida.

Kando ya Google kuna sheria ya nyumbani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. *Ukishika taarifa za afya, za watoto au vitambulisho vya wakulima, usijiandikie sera kwa kunakili ya mwingine. Mpe wakili aisome.*

Dalili: imekubaliwa lakini haionekani

Angalia kama umewasha uchapishaji unaosimamiwa ("Managed publishing"). Ukiwashwa, mabadiliko yakikubaliwa hubaki yakisubiri wewe ubonyeze kuchapisha. Wapo waliosubiri wiki nzima kitufe chao wenyewe.

Kisha nchi: Tanzania imechaguliwa? Halafu jaribu linki ya moja kwa moja, `play.google.com/store/apps/details?id=` ikifuatiwa na jina la kifurushi. Ikifunguka, ipo, utafutaji ndio haujaifikia.

Ikionekana kwa wengine na si kwa wengine, shida ni vifaa. Umetangaza kamera au GPS kama lazima, na tableti isiyo nayo inafichwa. Weka `android:required="false"` kwa usichokihitaji kweli. Kagua pia `minSdk`, yaani Android ya chini kabisa unayoikubali, kwani simu kuukuu bado zipo nyingi mikononi mwa wateja wako.

Dalili: mauzo yapo, hela haiji

Mara nyingi hujafikisha kiwango. Kwa uhamisho wa benki wa kimataifa ni dola 100, na mauzo madogo hulimbikizwa hadi hapo. Malipo ya mwezi hutoka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Kiwango kikifika na bado kimya, linganisha jina la wasifu wa malipo na jina la akaunti ya benki. Kisha msimbo wa SWIFT: una herufi 8 au 11, na ya tano na ya sita lazima ziwe TZ. CRDB ni CORUTZTZ, NMB ni NMIBTZTZ. Angalia pia kama kuna fomu ya kodi inayosubiri kujazwa, au uhakiki wa akaunti ya benki ambao hukuumalizia.

*Hela ikisharejeshwa na benki mara mbili, acha kubadilisha namba kwa kubahatisha. Nenda tawini na taarifa ya malipo. Na mapato yakianza kuwa ya kila mwezi, tafuta mhasibu au mshauri wa kodi aliyesajiliwa kabla TRA hawajakuuliza.*

Dalili: imeondolewa, imesimamishwa, au akaunti imefungwa

Maneno haya hayana uzito mmoja. Kukataliwa hakuharibu hadhi ya akaunti. Kuondolewa kunaitoa aplikesheni dukani mpaka urekebishe, na kukijirudia kunageuka kusimamishwa. Kusimamishwa huhesabiwa dhidi ya akaunti yako, na jina lile la kifurushi limekwisha. Kufungwa kwa akaunti kunachukua kila kitu.

Sababu ya kawaida ya kufungwa ni makosa yaliyorundikana: nyimbo za watu bila leseni, mechi za moja kwa moja, nyota tano za kununua. Ya pili ni uhusiano na akaunti nyingine iliyokwisha fungwa. Ulimkopesha rafiki laptopu apakie ya kwake, au ulimwongeza mtu usiyemjua vizuri kuwa mtumiaji. Pitia orodha ya watumiaji, uondoe wasio na kazi.

Una rufaa. Iandike kwa utulivu: sera iliyotajwa, kilichokuwapo, ulichobadilisha, ushahidi. Usitume nyingine kabla ya jibu la kwanza.

Aplikesheni za mikopo usizijaribu peke yako kabisa. Google hairuhusu mkopo wa mtu binafsi unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu, wala aplikesheni ya mkopo kusoma orodha ya majina ya simu au picha za mkopaji. Nyumbani inatakiwa leseni ya Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Tawi lao lipo Mtwara. Nenda ukaulize kabla ya kuandika msimbo. Daftari la VICOBA linalorekodi tu ni jambo jingine, ila maelezo yako yaseme wazi kwamba halikopeshi mtu.

Kwa akaunti iliyofungwa ikiwa na hela za wateja ndani, au barua ya madai ya hakimiliki, nenda kwa wakili ukiwa na barua pepe zote zilizochapwa, cheti cha BRELA kama unacho, na mkataba na aliyekutengenezea. Wakati rufaa inasubiri, usifungue akaunti nyingine kwa jina la mkeo au mdogo wako. Laptopu ni ileile, namba ya simu ileile, kadi ya benki ileile, na hiyo mpya itafungwa kwa sababu ya ile ya kwanza.